Simba Aliyesimama kwa Miguu Miwili

Mimi ni mkusanyaji wa sarafu za dhahabu, na ninayo moja. Mke wangu hupenda kuwaambia wageni hivyo kabla hawajaketi vizuri, na wakicheka hucheka pamoja nao. Simlaumu. Mtu anayeshinda kwenye kibanda cha bati hapa Masasi akitengeneza saa za watu, na siku hizi na simu zao, kisha akadai kuwa yeye ni mtu wa dhahabu, lazima achekwe kidogo. Nyingine zote ninazo kwenye katalogi. Nazijua kwa sura kama wengine wanavyowajua wachezaji wa mpira: tai mwenye vichwa viwili, farasi mwenye pembe moja, joka lenye mbawa, na simba wa kila namna, wenye taji na wasio na taji. Wanyama wa nembo, ambao hakuna aliyewahi kukutana nao porini, na mimi nimewapenda kwa sababu ambayo kwa muda mrefu sikuijua.

Mapenzi haya yalianzia kibindoni mwa mama yangu, kule Newala. Mama alikuwa mbanguaji wa korosho. Alizikaanga kwenye kipande cha pipa, akazigonga moja moja, akazifunga kwenye vikaratasi na kuziuza stendi. Jioni alikuwa akifungua pindo la kanga na kunimwagia sarafu mkekani nizipange. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nikijua fedha kwa wanyama wake: samaki ni senti tano, pundamilia kumi, mbuni ishirini, sungura hamsini. Mama mwenyewe hakuhitaji hata kuangalia. Alitia kidole gumba kibindoni, akapapasa, akasema, "Sungura," na ukitoa ni sungura.

Siku moja niliamua kumsaidia. Nilichukua mbuni wote tuliokuwa nao, nikawakamulia maji ya bibo, lile tunda la mkorosho, nikawasugua kwa mchanga mpaka wakang'aa kama jua. Watoto wote wa kwetu tulikuwa tukifanya hivyo. Bibo likishamalizwa kuliwa, machicha yake hung'arisha kila kitu. Sikujua kwamba mchanga hauchagui uchafu na manyoya. Mama akapapasa, akapapasa tena. "Mbuni wako amekuwa kuku," akasema, akanizaba kofi moja, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la ukusanyaji: sarafu haisafishwi.

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Baba alifariki nikiwa bado natambaa. Hakuacha picha. Nimetafuta sana, kwa ndugu zake, shuleni, hata kwa mzee mmoja aliyekuwa na kamera zamani pale Newala, na sikupata hata kivuli chake nyuma ya mtu mwingine. Niliwauliza watu alikuwaje, wakaniambia alikuwa mtu wa watu, sifa ambayo hupewa hata wezi wakishafukiwa. Nilipomuuliza mama alisema, "Alikuwa mrefu," akageukia chungu chake. Nikakua hivyo, mtoto wa mtu mrefu.

Sasa hiyo dhahabu. Miaka kadhaa iliyopita alisimama mbele ya kibanda changu mzee mmoja Mzungu, mwekundu kwa jua na vumbi, akiwa na saa ya mfukoni ya babu yake. Babu huyo alipigana vita huku kwetu, na mjukuu alikuja kuzitazama njia alizopita. Saa ilikuwa imegoma tangu zamani. Nilikaa nayo siku mbili. Alipokuja kuichukua aliiweka sikioni, akafumba macho, na mimi nikajifanya natafuta kitu chini ya meza ili asione kwamba nami nimeguswa. Huko chini ya meza ndiko alikoliona kopo langu la sarafu. Kumbe naye ni mkusanyaji! Tulikaa mpaka wenye vibanda jirani wakaanza kufunga. Nilimpa shilingi moja ya zamani ya kikoloni, yenye simba, ambayo mkulima wa Chiwata aliiokota akichimba mashimo ya miche ya mikorosho, akaniletea badala ya ujira wa saa yake. Mzee hakutaka kuipokea bure. Nikamwambia kwetu mgeni haondoki mikono mitupu.

Tukawa tunaandikiana kwenye simu. Alinitumia katalogi, nami nikamtumia picha za faru na nyati wa sarafu zetu. Kisha siku moja nikaitwa posta. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kijisanduku cha mbao, na ndani ya kijisanduku, sarafu ya dhahabu yenye ukubwa wa kifungo cha koti. Simba amesimama kwa miguu ya nyuma, mmoja chini, mmoja ameunyanyua. Kucha nje, ulimi nje, mkia umepinda juu ya mgongo. Namshukuru mzee yule kila nikifungua kibanda, na nitamshukuru mpaka nifukiwe na kuitwa mtu wa watu.

Lakini zawadi ile ilinitia wazimu. Si sarafu ya sokoni. Ni ile wakusanyaji wanayoiita pruufu. Hupigwa zaidi ya mara moja kwa chapa iliyong'arishwa, hata uwanja wake unakuwa kioo kitupu, na mnyama mwenyewe amefifia juu yake kama pumzi kwenye dirisha. Ukiigusa kwa kidole, jasho lako linabaki pale, mistari yako yote ikiwa imepigwa chapa kama kwenye kitambulisho. Ukifuta, unakwaruza kioo. Ndiyo maana inafungiwa kwenye kikasha cha plastiki ngumu, angavu, isiguswe hata na hewa. Mzee aliandika kwenye karatasi: usiifungue kamwe. Nami, niliyewahi kumgeuza mbuni kuwa kuku, nikaapa. Mke wangu aliiona kwa mbali, mimi nikiwa nimeshikilia kikasha kwa mikono miwili. Watoto waliiona siku ya sikukuu, wakiwa wamekaa mstari. Nilikuwa mtu mzima wa ovyo sana kwa habari ya sarafu ile, nakiri.

Mwaka juzi macho ya mama yaliharibika. Tulidhani ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa mtu akarudi nyumbani. Nilimleta Masasi akae kwetu, nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa mpole. Alisema ni presha ya macho, kwamba imekwisha kula sehemu kubwa, na iliyoliwa hairudi. Dawa ya matone ingelinda kidogo kilichobaki. Mama aliuliza kidogo hicho ni kiasi gani. Daktari akamwambia mwanga, na vivuli vya watu. Mama akasema ahsante, akaniomba nimnunulie muhogo wa kuchoma. Alikula njiani polepole, mkono mmoja begani kwangu, wala hakuizungumzia tena habari ile.

Wiki hiyohiyo tulikwenda kumsajilia laini mpya ya simu. Kijana wa laini alishika kidole gumba cha mama akakibandika kwenye mashine. Mashine ikakataa. Akakifuta kwa kitambaa, akakibandika tena, ikakataa. Alijaribu vidole vyote kumi, jasho likimtoka, mpaka nikaona aibu badala yake.

"Bibi, mbona vidole vyako havina alama?"

"Zimekwenda na korosho, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Nenda kawaulize walozila."

Nilicheka naye, lakini nilipoushika mkono wake kurudi nyumbani nilivipapasa vile vidole. Mafuta meusi ya ganda la korosho huunguza kama moto. Yaliziunguza ncha za vidole vyake msimu baada ya msimu, ngozi ikatoka, ikaota, ikatoka, hata mistari ikachoka kurudi. Laini kama kijiko. Hivyo ndivyo nilivyolipiwa shule, na hivyo ndivyo nilivyonunuliwa vifaa vyangu vya kwanza vya ufundi. Na mimi sikuwahi kuvitazama.

Siku chache baadaye, mchana, tukiwa barazani, mama akasema, "Nipe nimwone yule simba wako."

Nikamwambia, "Mama, yumo ndani ya plastiki."

"Mtoe."

"Hatolewi, mama. Akiguswa anaharibika."

Nilimweleza habari ya kioo, ya jasho, ya chapa. Nilizungumza kama mtu anayemweleza afisa wa serikali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya."

Kesho yake akaniomba tena. Safari hii nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu naguna kwa sauti. Niliingia ndani, nikafungua kijisanduku cha mbao kwa kelele ili asikie, nikakifunga, kisha nikatoka na shilingi mia mbili. Ya kawaida. Nayo ina simba, nayo ni ya njano. Nikamwekea kiganjani, nikamwambia, "Huyo hapo, mama. Polepole." Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi mwanawe wa pekee.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata sekunde mbili. Kidole gumba kilipita mara moja tu.

"Hii nnanunulia nyanya," mama akasema. Akanirudishia, akakikunja kiganja changu juu yake kama unavyompa mtoto aende dukani. Hakukasirika. Angekasirika ningepona mapema. Alijisogeza ukutani, akafumba macho yake ambayo kufumba na kufumbua kwake kulikuwa kumekaribia kuwa kitu kimoja, akaanza kuimba kidogokidogo kwa Kimakonde.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele palepale. Aliuweka ungo chini, akanifuata ndani. Nilijua anakuja kunisema.

"Baba watoto, mficha uchi hazai. Hiyo sarafu umeificha mpaka imekuzaa wewe. Unaogopa nini?"

"Alama za vidole," nikasema.

"Mama yako ana alama za vidole?" akaniuliza. "Mashine ya serikali imetafuta vidole kumi, haikuona hata kimoja. Wewe utaziona wapi?"

Akarudi kwenye mchele wake. Nilibaki nimesimama na kijisanduku mkononi. Lililonichoma ni kwamba alikuwa amenipa mlango wa kutokea bila kuniaibisha. Nyumba yangu inasimama kwa sababu ya yule mwanamke, na hili silisemi vya kutosha.

Nilikwenda barazani, nikamwambia mama anawe mikono. Mama ni mtu wa Newala, wa zamani zile ambapo maji yalifuatwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa. Mpaka leo hunawa mikono miwili kwa kikombe kimoja na maji yakabaki. Akanawa, akakausha kwa pindo la kanga, akakinga kiganja. Nilibana kikasha kwa kucha, kikafunguka kwa mlio mdogo kama wa kuvunja njugu. Nikamdondoshea simba kiganjani.

"Mzito," akasema kwanza. Kisha kidole gumba kikaanza safari.

"Ana kofia."

"Taji, mama."

"Ulimi nje. Ana njaa huyu? Mikono hii hapa, kucha hizi. Mkia kaupandisha." Kidole kikashuka. Kikafika kwenye miguu, kikasimama. Kikarudi juu, kikashuka tena, polepole zaidi. Nilimwona anatabasamu, si kwangu.

"Mwanangu, umedanganywa. Huyu si simba."

"Ni simba, mama. Imeandikwa."

"Simba gani anasimama hivi? Simba hana haja ya kusimama. Huyu ntu. Ntu kavaa simba, anacheza."

Msomaji asiyetoka kwetu labda hajui. Kwenye jando, vijana wanapotoka, huchezwa midimu. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima na kuvaa kinyago, cha mtu au cha mnyama, na zamani wanawake na watoto waliambiwa kuwa yule si mtu, ni mzimu uliotoka ardhini. Mwanamke hakuruhusiwa kujua. Akijua hakuruhusiwa kusema. Mimi mwenyewe nilipotoka jandoni nilionywa nisimwambie mama yangu kitu, nami sikumwambia, nikijiona nimebeba siri kubwa.

"Mama," nikasema, "kumbe mlikuwa mnajua?"

"Tulijua wote. Tunawafulia nguo, tusiwajue?" Alicheka. "Tulikuwa tunakimbia na kupiga kelele ili mfurahi."

Kidole kilikuwa bado kwenye miguu ya simba.

"Uso wamefunika, mikono wamefunika. Miguu huwezi kuifunika, utachezaje? Mimi nilikuwa natazama miguu. Kuna mwaka alitoka mmoja kavaa simba, mrefu, kila akigeuka anaunyanyua mguu huu hivi, anaushikilia juu, ngoma inampita, halafu ndo anaushusha. Kidole gumba cha mguu kimekaa upande. Nikasema moyoni, kidole kile nimekiona. Kuna kijana alijikata na jembe kwenye shamba la mjomba wangu, mimi ndo nilompa kitambaa akafunga."

Nilijisogeza karibu yake.

"Nilipiga kelele kuliko wote siku ile," mama akasema. "Nilikimbia nikarudi, nikakimbia nikarudi, nimwone. Baba yako alikuja kwetu kuposa kabla kidonda cha mguu hakijasahaulika."

"Ulimwambia kuwa ulimjua?"

"Nimwambie ili iweje? Kila mwaka alikuwa anarudi nyumbani kachoka, ananiuliza, 'Umewaona midimu? Umeogopa?' Namwambia nimeogopa sana. Anafurahi, anakula. Mpaka anakufa sikumwambia."

"Na mimi, mama? Nimekuuliza miaka yote hii."

Alinigeuzia uso, akautafuta wangu kati ya vivuli vyake. "Nilikatazwa, mwanangu. Lakini walonikataza wamekwisha wote, na leo umeniwekea mwenyewe mkononi. Nimwone halafu nikae kimya?"

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nililia barazani mchana kweupe, mtu mwenye wajukuu, na majirani wakipita wakinisalimia nami nikiwaitikia. Mama alikuwa akimpapasa simba na kuendelea na wimbo wake, na nilipouliza akaniambia ndio uliokuwa ukipigwa siku ile. Mke wangu aliacha kupepeta. Tulikaa hivyo mpaka chai.

Jioni, kabla jua halijazama, niliipokea sarafu kwa kibano, nikaibana lenzi jichoni kama ninavyoitazama saa. Kwenye kile kioo, kuanzia kiunoni mwa simba kushuka mpaka miguuni, palikuwa na doa. Nilitafuta mistari. Nilizungusha kwenye mwanga kila upande. Hakuna hata mmoja: ni ukungu mtupu, laini, umbo la kidole gumba kisicho na jina. Mashine haikudanganya. Nilikuwa na kitambaa laini mezani, na dawa ya kusafishia ninayo. Nikairudisha sarafu ndani ya kikasha, nikakibana mpaka kikalia.

Nilimwandikia mzee wangu wa mbali ukweli wote, kwa kuwa zawadi ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Jibu lake la kwanza lilikuwa la mkusanyaji: oh, oh, oh, na kwamba thamani imekwenda. La pili lilikuja baada ya siku mbili. Aliuliza, ni mguu upi alioushikilia juu, wa kulia au wa kushoto? Nikampigia mama simu barazani kutoka kibandani. Kushoto, akasema, na wa kwenye sarafu ni huohuo.

Mama amerudi Newala sasa. Hakuzoea kukaa kwa watu, hata kama watu hao ni mimi. Anaishi na binti wa dada yake anayemtia matone asubuhi na jioni, na mwanga wake bado upo kidogo. Kila Ijumaa ananipigia kwa ile laini, ambayo mwishowe ilisajiliwa kwa kidole changu. Namwamkia, "Shikamoo, mama," naye, "Marahaba, baba." Ananiuliza mke, ananiuliza watoto, ananiuliza mvua. Kisha anashusha sauti, kama anayeogopa kusikiwa na wazee waliokwisha kufa.

"Na yule?"

Nakivuta kijisanduku, namwangalia baba yangu.

"Hajambo, mama," namwambia. "Anacheza."